Beni Haijui Kubonyeza

Sentensi hiyo niliisikia kila siku kwa muda wa wiki mbili. Mkurugenzi aliisema akiwa ameegemea kiti chake, mtaalamu aliisema kwa Kifaransa, na walinzi wa getini, waliowasikia wakubwa wao, nao wakaanza kuisema huku wakicheka. Beni haijui kubonyeza. Maana yake ni kwamba wanafunzi wetu wa tawi la Beni hawawezi kujiandikisha kwenye tovuti ya chuo kwa sababu vidole vyao ni vya shamba.

Nilikuwa nafanya kazi Butembo, kwenye chuo kinachofundisha wauguzi na wakunga. Makao makuu yako juu ya kilima, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa mpaka saa tatu na matope hayakauki, na tawi liko Beni, kwenye joto. Wanafunzi wa tawi wanatoka Beni mjini, Mangina, Mabalako, Mbau, Oicha, na wale wa mwaka wa mwisho wengi wako stage, yaani wanafanya mafunzo ya kazi katika vituo vya afya mbali na mji. Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha kompyuta. Chumba kilikuwa na seva moja, betri za sola, kiti kimoja, na mimi.

Mwaka ule iliamuliwa kwamba kujiandikisha kwa mitihani ya mwisho kufanyike kwenye tovuti, ili mtu wa Mangina asipande gari mpaka Butembo kuleta karatasi mbili. Barabara ile ina watu wenye silaha, mtu haipiti bila sababu. Lilikuwa wazo zuri, na lilibaki zuri mpaka mtaalamu alipofika.

Alitoka Goma. Alikuwa na viatu vyenye ncha, na siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa gari akiangalia matope yetu kana kwamba tuliyamwaga kwa ajili yake. Kiswahili alikijua vizuri, lakini alikitumia kwa walinzi na wapishi tu. Sisi wengine alituongelesha Kifaransa, taratibu, kama watu wanavyoongea na mgonjwa. Alipewa mkataba wa kuiboresha tovuti. Kazi yake ya kwanza, na kwa kweli ya pekee, ilikuwa kitu alichokiita Ramani.

Ramani ilikuwa hivi. Ukutani mwa ofisi ya mkurugenzi walitundika skrini kubwa yenye picha ya dunia. Kila mtu alipofungua tovuti yetu, nukta nyekundu iliwaka mahali alipo. Ni hayo tu. Mkurugenzi aliipenda kuliko kitu chochote chuoni, wanafunzi wakiwemo. Aligeuza meza yake ili aiangalie siku nzima. Wageni aliwakalisha upande ambao lazima waione. Siku moja alinionyesha nukta zilizokuwa zinawaka upande wa magharibi wa nchi.

"Unaona? Kinshasa banatusoma," alisema.

Nilimjibu, "Ndiyo, Papa." Nilishangaa kidogo Kinshasa wanatafuta nini kwenye ratiba ya wakunga wa Butembo.

Siku kujiandikisha kulipofunguliwa, katibu wa tawi la Beni alinipigia simu. Alikuwa mwanamume mpole, mtu wa kanisa, asiyejua kulalamika.

"Madame, batoto ba huku banapata ukurasa mweupe. Kunaandikwa erreur 500, njo basi."

"Bazime simu, bawashe tena."

"Balishazima. Mimi mwenyewe nimezima yangu mara ine."

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Mtaalamu alikuwepo, simu zake mbili ziko mezani, vioo vikiangalia juu. Mkurugenzi alinisikiliza, akavuta kompyuta yake, akafungua ukurasa wa kujiandikisha. Ukafunguka.

"Ona. Hapa iko natembea. Sasa shida ni ya nani?"

"Mais Monsieur le Directeur, hapa ni mu bureau."

"Bureau ni bureau. Site ni moja."

Mtaalamu akatabasamu, akasema kwa Kifaransa kwamba katika kazi hii tatizo kubwa siku zote ni watumiaji.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo mtu yeyote wa kazi hii analijua katika wiki ya kwanza ya masomo. Seva inapokataa, inatoa namba. Namba inayoanza na nne inamshtaki aliyeomba: ameandika anwani isiyokuwepo, au ametaka kitu asichoruhusiwa. Namba inayoanza na tano ni seva kujishtaki yenyewe. Mia tano ni seva inayopiga magoti na kuungama: nimeanguka mimi, huyu mtu hana kosa. Hapo alikuwa amekaa mtu mwenye kadi ya jina iliyoandikwa "ingénieur", yaani mhandisi, seva inaungama mbele yake mara mia kwa siku, na yeye anaonyesha kidole upande wa Beni.

Aliandika mwongozo. Ulikuwa na mishale ya rangi, na hatua ya kwanza ilisema: washa simu yako. Walichapa nakala nyingi, wakazitia katika bahasha, wakazituma Beni kwa gari la abiria. Wanafunzi wanaotafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa mwanga wa tochi na kuupata walifundishwa kuwasha simu. Katibu wa tawi alinipigia kusema karatasi zimefika. Kisha akaniaga kwa heshima, kama kawaida yake.

Na mimi je? Ningependa kuandika kwamba nilipigana tangu siku ya kwanza. Sikupigana. Wanafunzi walipata namba yangu, wakanipigia mmoja mmoja, na mimi niliwaambia yaleyale: zima, washa, jaribu baadaye, jaribu simu ya mwenzako. Nilijua mia tano ni nini. Niliwaambia hivyo kwa sababu mtaalamu alikuwa amekataza mtu kugusa seva bila idhini yake, na kwa sababu nilikuwa nimezoea kukaa kimya mbele ya watu wenye kadi za jina. Nenosiri la seva nilikuwa nalo bado. Nilichonyang'anywa ni ruhusa, na nilikubali kunyang'anywa.

Mmoja wa walionipigia alikuwa msichana wa Mbau. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema amejaribu siku tatu. Nilimwambia ajaribu tena kesho. Alisema aksanti, na hakupiga tena.

Wiki ya pili, zikiwa zimebaki siku chache kujiandikisha kufungwe, alikuja mwanafunzi kutoka Mangina. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwaka wa mwisho wa ukunga, kitenge chake kimeloa matope mpaka magotini, simu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amepanda moto, yaani pikipiki, mpaka Beni na gari kutoka Beni. Alitukuta kwenye veranda: mkurugenzi, mtaalamu, na mimi nikiwa nimeshika karatasi za kusainiwa.

"Mimi natoka ku Mangina," alisema. "Nimekuya juu ya inscription. Kule inakataa."

Mtaalamu alianza kumjibu kwa Kifaransa. Kisha akaangalia kitenge chake na akahamia Kiswahili, kile cha wapishi.

"Leta ile simu. Tutakuonyesha."

Aliichukua, akaiunganisha na wifi ya chuo, akafungua ukurasa. Ukafunguka. Akaiinua simu ili sote tuione.

"Munaona? Mashini iko muzima. Mutu njo mugonjwa."

Mkurugenzi akacheka. Mimi nilipanga upya karatasi zangu. Yule mwanafunzi aliipokea simu yake akaitazama.

"Umeiingiza mu wifi yenu," alisema.

"Ndiyo. Na?"

"Tuone na réseau yangu, ile ya Mangina."

"Haina maana."

Hakubishana naye. Alizima wifi, akarudi kwenye mtandao wa simu yake, akabonyeza, akasubiri. Ilichukua muda, kisha ukurasa mweupe ukaja, na mia tano juu yake. Akamgeuzia mtaalamu kioo.

"Sasa mugonjwa ni nani?"

Aliuliza bila kupandisha sauti, kama muuguzi anayeuliza dawa ilinywewa saa ngapi. Mtaalamu akasema mtandao wa porini ni dhaifu. Ni uongo wa mtu asiyejua kazi yake, au anayejua na kututhamini kidogo sana. Mtandao dhaifu haukuletei mia tano. Mtandao dhaifu haukuletei kitu chochote. Ili mia tano ikufikie, ombi lako lazima lifike kwenye seva, na jibu lirudi mpaka mkononi mwako. Barabara ilikuwa nzima kwenda na kurudi. Aliyeanguka alikuwa nyumbani kwetu.

Mkurugenzi alimwambia yule mwanamke ajiandikishe hapo hapo kwa wifi yetu, basi yaishe. Alijiandikisha, dakika chache tu. Lakini hakuondoka; alitoa daftari.

"Na benzangu? Kule tuko bengi. Niko na majina yabo na code zabo hapa mu cahier. Niandikishe bote?"

"Kuingia mu jina ya mwenzako ni fraude, ni udanganyifu," mtaalamu alisema.

"Donc bote bapande gari, bakuye kushika wifi mu lupango yenu?" aliuliza, akionyesha ua wa chuo.

"Mwenye kutaka diplôme atakuya," mkurugenzi alisema.

"Ile barabara weye unaipita lini, Papa?"

Mkurugenzi aliangalia saa yake. Alikuwa hajafika Beni tangu mwaka uliotangulia, kila mtu alijua, na alipokwenda alikwenda na gari mbili. Akasema muda wa chakula umefika. Waliondoka wote wawili kwenda kula mbuzi na bugali mjini, kama kila siku saa sita, na walikuwa watu wa kula taratibu.

Nilibaki na yule mwanamke kwenye veranda. Nilitegemea atanitukana. Ingekuwa haki yake, na ingenisaidia.

"Weye njo Madame wa mashini?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Nilikupigia. Uliniambia nizime simu."

Nilimwomba akae karibu na tangi la maji, mahali ambapo ningemwona kupitia dirisha, na asiiunganishe simu na wifi.

Seva yetu, kama seva nyingi, ina daftari la kawaida ambalo inaandika mstari mmoja kwa kila ombi: saa, ukurasa, namba ya jibu. Daftari hilo nilishalisoma. Linasema fulani ameanguka, halisemi ameangukia wapi. Lakini kuna kitu kingine unachoweza kukiwasha, nacho ni kufuatilia ombi hatua kwa hatua. Fikiria karatasi ambayo mgonjwa anazunguka nayo hospitalini: mapokezi, mizani, maabara, daktari, duka la dawa, na kila mlango unaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mgonjwa akizimia, huna haja ya kubahatisha. Unaangalia karatasi, unaona mlango wa mwisho. Mtaalamu alikuwa amekataza kitu hicho kisiwashwe kwa sababu, alisema, kinaichosha seva. Seva iliyokuwa inaanguka kila mara Beni ilipoigusa, yeye aliihurumia isichoke.

Nikakiwasha. Niliiambia seva: ombi lolote litakaloishia na mia tano, niandikie safari yake yote. Hiyo ni kazi ya dakika tatu. Nilikuwa nimekaa wiki mbili bila kufanya kazi ya dakika tatu.

Nilimpungia mkono dirishani. Akabonyeza. Nikahesabu kimya kimya, na kwenye folda iliyokuwa tupu likatokea faili moja.

Nililisoma kuanzia juu. Ombi limepokelewa. Anwani ni sahihi. Mwanafunzi ametambuliwa, jina lake na namba yake viko sawa. Ukurasa wake umeandaliwa. Mpaka hapo hata sekunde moja haikuwa imepita, na kila mlango ulikuwa umempitisha bila swali. Kisha ombi likaingia kwenye Ramani. Ramani ikatoka nje kwenye mtandao kuuliza huduma moja ya mbali: simu hii iko mji gani? Sekunde ishirini za kungoja. Jibu likarudi, nalo lilikuwa tupu. Ramani, ambayo mwandishi wake hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani pasipojulikana, ikaingiza mkono ndani ya jibu tupu kutafuta jina la mji. Ikaanguka, na ikaanguka na kila kitu: jina la mwanafunzi, fomu, ukurasa, vyote. Mia tano.

Nilimpungia tena. Faili la pili, mlango uleule. La tatu, mlango uleule.

Kisha nikaifanya seva ifuatilie hata maombi yanayofaulu, ili nione kwa nini sisi tunapita. Nilifungua tovuti kutoka kompyuta ya ofisi. Mstari wa Ramani ulisema: namba ya ndani, usiulize. Basi ndiyo sababu mkurugenzi alikuwa anafaulu kila mara. Aliyekuwa ndani ya lupango hakuulizwa anatoka wapi. Nikajaribu na simu yangu, ambayo iko kwenye kampuni nyingine ya simu, siyo ile inayotumika Beni na Mangina. Nikapita, na nikaona jibu ambalo huduma ile ya mbali ilitoa kuhusu mimi, niliyekaa Butembo kwenye kiti changu cha mbao. Ilisema: Kinshasa. Simu zote za kampuni hiyo ninayotumia zilionekana kana kwamba ziko Kinshasa, kwa sababu makao ya kampuni yako huko. Nukta nyekundu ambazo mkurugenzi alikuwa anawaonyesha wageni, zile za Kinshasa inayotusoma, zilikuwa sisi. Zilikuwa mimi, mpishi na mama anayeuza mikate getini.

Nilicheka peke yangu mle ndani, kicheko kibaya, mpaka yule mwanamke akaja dirishani kuuliza kama nimepata.

"Nimepata," nilimwambia. "Haikuwa ninyi."

"Ile nilijua," alisema. "Nilitaka wewe ujue."

Nilichapa safari mbili, ile iliyoanguka na ile iliyofaulu, nikapigia mstari mlango wa Ramani kwa kalamu nyekundu. Waliporudi kutoka kula, niliingia ofisini nikaweka karatasi mezani. Mtaalamu alizishika kwa ncha za vidole. Alizisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na niliona sikio lake likibadilika rangi. Kisha akasema, kwa Kifaransa, kwamba inawezekana kabisa kosa limesababishwa na huko kufuatilia kwenyewe.

"Nimewasha leo saa sita na nusu," nilisema. "Beni banaanguka tangu wiki mbili."

Akasema hiyo ni lugha ya mashini, haisomwi hivi hivi. Nikamwomba basi aisome yeye kwa sauti, atueleze. Hakuisoma.

Mkurugenzi alikuwa haangalii karatasi. Alikuwa anaangalia ukuta.

"Ukitoa ile Ramani, écran itakuwa je?"

"Itakuwa nyeusi, Papa."

"Mais wageni banakuya siku ya nne."

Kulikuwa na ujumbe wa wafadhili unaotegemewa Alhamisi. Kujiandikisha kulikuwa kunafungwa Jumatano. Alinipangia mambo kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi: tuiache Ramani mpaka wageni waondoke, kisha tutaona, na wale wa Beni watajaribu bahati yao mwaka ujao. Alisema "bahati". Nilimtazama mtu huyo, ambaye nilimwita Papa kwa miaka mitano na kusimama kila alipoingia, na nikaona hakuna kitu ndani yake, alikuwa mtupu kama lile jibu. Nilichukua karatasi zangu nikatoka bila kuomba ruhusa.

Chuoni kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kwa sheria ana mamlaka juu ya uandikishaji wa mitihani, naye hakuwa mkurugenzi. Alikuwa katibu wa masomo, mama wa karibu miaka sitini, mke wa mchungaji, aliyeanza kazi kama mkunga na aliyevaa sweta ileile mwaka mzima. Kompyuta hakuzipenda. Wanafunzi walimwogopa, mimi pia. Nilimwekea karatasi mbele, yule mwanamke wa Mangina akiwa nyuma yangu. Mama alivaa miwani, akachukua rula, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, na akasoma mstari kwa mstari, akiniuliza kila neno asilolijua. Hakujifanya anaelewa. Ilichukua karibu nusu saa. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki zile mbili kuona mtu mwenye cheo akisoma.

Alipofika kwenye mstari mwekundu alisimamisha rula.

"Donc huyu mutoto alifika ku mulango yetu, karatasi yake iko sawa."

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi tulimuuliza anatoka fasi gani, mahali gani, na tukamwangusha juu hatukujua ile fasi."

"Njo vile, Mama."

Alivua miwani. Alimwangalia yule mwanamke, akamuuliza ni wangapi walio Mangina na Mabalako, na wako vituo gani. Kisha akaniuliza mimi swali moja tu.

"Kuitoa ni kazi ya saa ngapi?"

"Ni kufuta mustari moja."

"Futa. Nitaandika ni mimi nimekutuma."

Aliandika kweli, kwa mkono, na kupiga muhuri. Nilirudi kwenye chumba changu nikafuta mstari mmoja. Ofisini kwa mkurugenzi nukta zikazimika. Nilimpigia katibu wa Beni, nikasema wajaribu. Nikasikia sauti za watu nyuma yake, kisha akasema, "Madame, inafunguka," na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikata simu bila kuaga, kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka. Jioni ile na siku zilizofuata majina yaliingia: Beni, Mangina, Mabalako, Oicha. Yule mwanamke aliondoka kesho yake asubuhi na gari la kwanza. Aliniachia cahier yenye majina ya wenzake ili nihakikishe wote wameingia. Nilihakikisha, jina kwa jina.

Wageni walikuja Alhamisi. Ukuta haukuwa mweusi. Mtaalamu alikuwa ameweka kwenye skrini picha ya Ramani ya siku za nyuma, picha iliyosimama, yenye nukta zilezile za Kinshasa. Wageni waliisifu. Mmoja wao aliipiga picha. Hakuna aliyeuliza kwa nini kwa saa mbili nukta hazikuwaka wala kuzimika.

Mtaalamu aliandika ripoti yake kabla ya kurudi Goma. Niliiona. Ilisema kwamba matatizo ya kuingia yaliyowakabili watumiaji wa vijijini yaliondolewa kwa mpango wa uboreshaji ulioongozwa na yeye, pamoja na mwongozo wenye mishale. Mkataba wake uliongezwa. Wangu ulipoisha, niliambiwa chuo kinafikiria upya mahitaji yake. Mama katibu wa masomo alipinga, kwa maandishi kama kawaida yake, na hakusikilizwa. Siku hizi natunza tovuti za maduka na zahanati, Butembo na Beni, na kitu cha kwanza ninachowasha kwenye seva yoyote ninayokabidhiwa ni kule kufuatilia maombi. Nikiambiwa tatizo ni watumiaji, nasema sawa, niletee karatasi ya safari.

Lakini kuna jina moja ambalo halikuingia. Msichana wa Mbau, yule wa sauti ndogo. Katibu wa tawi alimtafuta, simu yake ilikuwa haipatikani, na Jumatano ikapita. Miezi michache baadaye nilikuwa Beni kwa kazi, na katibu akanionyesha mahali yule msichana anapokuja na mume wake kuuza kakao. Nilimkuta amekaa kwenye gunia, anachagua mbegu zilizooza na kuzitupa. Nilijitambulisha. Alinikumbuka kwa sauti yangu.

Nilimweleza yote, hatua kwa hatua. Nilitaka sana aelewe kwamba jina lake lilifika, kwamba kila mlango ulimpitisha, kwamba alianguka kwenye mchezo wa mtu mwingine. Alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Mimi niliona mashini imenikataa," alisema. "Nikasema kumbe sijui. Nikaambia bwana yangu, masomo imekuwa ya benye kujua."

"Ulikuwa unajua."

"Sasa naelewa." Alitupa mbegu moja. "Na ule mutu wa Ramani, balimufukuza?"

"Hapana. Balimuongezea contrat."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Hakuonekana kushangaa. Aliuliza kujiandikisha kwa mwaka unaofuata kunafunguliwa lini, na kama kunafanyika kwa simu. Nilimwambia ndiyo. Akasema atakuja ofisini kwa katibu na karatasi mkononi, ataisimamia mpaka aone imeandikwa, simu haiamini tena. Sikumbishia. Mume wake alimwita kutoka upande wa mizani, akasimama, akajipangusa kitenge, akaenda.